Nimeambiwa nifute msalaba mwekundu niliochora kwenye kibao cha kliniki. Kisa na maana?

FundiBrashi_Kondele (mwenye uzi), Jumatatu saa 3 usiku

Habari zenu wakuu. Mimi ni mchoraji wa vibao hapa Kondele, Kisumu, mwaka wa kumi na mbili sasa. Naandika saluni, hoteli, maduka ya mbegu, makanisa na kliniki pia. Wiki iliyopita nilimaliza kibao cha kliniki moja ndogo ambayo sitaitaja. Bati la futi nne kwa sita, nyuma nyeupe, jina kwa rangi ya samawati, na pembeni msalaba mwekundu wa glosi niliopima kwa rula mpaka mikono yote minne ikalingana. Mwenyewe alifurahi, akanilipa bila kuvutana.

Jana kijana mmoja wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu alipita, akasimama, akatazama juu. Akaniambia kwa upole, "Kaka, hiyo alama si ya kliniki. Ni ya vita. Ifute." Nikamuuliza vita gani, mbona Kisumu hakuna vita? Akasema, "Ndiyo uiache ipumzike." Matatu yake ikaja, akaondoka.

Nimelala na neno hilo. Msalaba huo nimeuchora labda mara arobaini, kutoka hapa hadi Ahero. Kama ni kosa nitaufuta, lakini nataka kulijua kosa lenyewe. Wanaojua sheria za vita, na hasa waliowahi kushika bunduki, nielezeni.

Mstaafu_Molo

Ndugu fundi, kijana alisema kweli, ila alikosa muda wa kueleza. Kabla sijarudi Molo kulima viazi nilikuwa tabibu wa kikosi jeshini, na msalaba huo niliuvaa kwenye mkono wa kushoto. Nipe nafasi nieleze polepole.

Tarehe 24 Juni 1859 majeshi ya Ufaransa na Sardinia yalipambana na jeshi la Austria huko Solferino, kaskazini mwa Italia. Jua lilipotua, maelfu kwa maelfu ya majeruhi walikuwa wamelala mashambani, waganga hawatoshi, maji hakuna. Mfanyabiashara mmoja wa Geneva, Henry Dunant, alikuwa amefika pande hizo kwa shida za biashara yake. Akajikuta katika mji wa Castiglione, kanisa limejaa watu wanaooza wangali hai, akaanza kuosha vidonda pamoja na akina mama wa pale. Wale akina mama hawakuuliza sare ya nani ni ipi. Wote ni ndugu, walisema. Miaka mitano baadaye, 1864, nchi 12 zilitia sahihi Mkataba wa kwanza wa Geneva, na alama ikachaguliwa: bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi.

Sasa shika maana yake. Alama hiyo haitangazi dawa. Inamwambia mtu aliyeshika bunduki, kidole kiko kwenye kifyatulio: hapa usipige. Gari la wagonjwa ni bati tu, kama bati la kibao chako, na risasi hupita humo kama kisu kwenye papai. Anayelala ndani analindwa na kitu kimoja, kwamba yule wa ng'ambo akiona msalaba anauamini. Siku akianza kuutilia shaka, umebaki na bati.

Kwa hiyo Mkataba wa Kwanza kati ya mikataba minne mipya ya Geneva ya 1949, ibara ya 44 na ya 53, unawakataza watu binafsi kuitumia alama hiyo wakati wowote, vita viwepo visiwepo. Na sisi tulioivaa tunabanwa zaidi yako. Tabibu anaruhusiwa silaha ndogo ya kujilinda yeye na majeruhi wake, basi. Ukipakia risasi kwenye gari lenye msalaba ukazipeleka vitani, gari limepoteza kinga, japo hata hapo adui anatakiwa akuonye kwanza na kukupa muda.

Nitakupa kisa kimoja. Tukiwa ng'ambo ya mpaka, siku moja tulikuwa na gari moja tu zima, la wagonjwa, na kuna risasi za kufikishwa kwa wenzetu kabla ya giza. Mmoja akasema tupakie humo, nani atajua? Nikasimama mlangoni mwa gari nikakataa. Masanduku yakabebwa mgongoni, na usiku ule hakuna aliyeniongelesha. Siku ya pili yake gari lile lilimbeba kijana wa upande wa pili, umri wake hauzidi miaka kumi na sita, paja limepasuka. Nilipokuwa namfunga hakunitazama usoni hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye kitambaa cha mkono wangu, njia nzima. Alikuwa anausoma ule msalaba.

Nyakwar_Ugunja

Asante mzee. Lakini hiyo ni vitani. Huku Ugunja kemisti nyingi zina msalaba mwekundu ukutani, na kuna taksi za wagonjwa zimeuchora ubavuni. Nani ameumia?

Mstaafu_Molo

Kemisti ina msalaba wake, wa kijani, dunia nzima inautambua. Na kuhusu nani ameumia: mwanzoni mwa 2008 ndugu yangu alikuwa miongoni mwa waliokimbilia viwanja vya maonyesho vya Nakuru. Barabara zilikuwa zimejaa mawe na vijana wenye mapanga. Gari lililowafikishia maji na blanketi lilipita kwa sababu wale vijana walitazama alama kwanza. Hebu fikiria kama siku hizo kila mwenye gari angekuwa ameuchora.

Mwana_wa_Kaptumo

Nimesoma kimya, sasa na mimi niseme.

Mimi ni wa Nandi. Kaburi la Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wetu, yaani kiongozi mkuu wa Wanandi, liko Nandi Hills, aliye karibu aende akalione. Alipigana na waliojenga reli kwa takriban miaka kumi na moja, hawakumweza. Tarehe 19 Oktoba 1905 aliitwa kwenye mazungumzo ya amani na ofisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen. Kwetu mtu aliyekuja kwa amani hushika majani mkononi, hata mtoto analijua hilo. Wazee wetu wametusimulia kwamba Koitalel alinyoosha mkono kusalimia, akapigwa risasi. Ofisa alidai alishambuliwa akajitetea, na mabaraza ya uchunguzi ya wenzake yakamwondolea lawama. Fimbo za uongozi za Orkoiyot zikachukuliwa Uingereza, zikarudi 2006, baada ya miaka mia na mmoja.

Mkataba wa Hague wa 1899, wa sheria za vita, ulikuwa na umri wa miaka sita siku ile, na Uingereza ilikuwa imeutia sahihi. Ibara ya 23 inakataza kumuua adui kwa hila. Nawauliza wasomi: siku ile juu ya kilima sheria ilikuwa wapi? Msinifundishe Solferino kabla hamjanijibu hilo.

Mwalimu_Mumias

Ndugu wa Kaptumo, swali lako ni la haki, nami nimefundisha historia muda mrefu bila kulikwepa. Jibu chungu ni kwamba mkataba ule ulizifunga dola zilizotia sahihi zinapopigana zenyewe kwa zenyewe. Vita dhidi ya Wanandi havikuitwa vita. Viliitwa misafara ya kuadhibu. Jina peke yake lilitosha kuitoa sheria mlangoni.

Na hata walipopigana wenyewe kwa wenyewe hapa kwetu, waliikumbuka walipotaka. Fundi, wewe uko Kisumu, basi kisa hiki ni cha bandari yako. Mwezi Juni 1915 wanajeshi wa Kiingereza walipanda meli hapo Kisumu wakavuka ziwa kwenda kuishambulia Bukoba, iliyokuwa ya Wajerumani. Shabaha ilikuwa mnara wa simu ya upepo. Mji wakauteka na mnara wakauangusha. Kazi ikawa imekwisha, lakini askari wakaomba ruhusa ya kupora, na jenerali akaitoa. Nyumba zikavunjwa, vitu vikabebwa, kisha meli zikarudi Kisumu. Kanuni za Hague za 1907, ibara ya 28, zinakataza kupora mji hata ukiwa umetekwa kwa nguvu. Hakuna aliyeadhibiwa ninayemjua.

Mwaka wa 1917 ndipo Nyanza ilipokamuliwa kweli. Vijana walikusanywa kwa maelfu wakapelekwa kuwa wapagazi wa jeshi, wale tuliowaita Kariakoo, na jina likabaki kwenye mitaa ya Nairobi na Dar es Salaam. Hawakuwa na bunduki. Walibeba unga na risasi za watu wengine hadi kusini kabisa ya Tanganyika, na makumi ya maelfu wakafa, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa. Ukizunguka Butere, Siaya au Kisii utakuta familia ambazo babu mmoja "alienda Kariakoo" na habari yake ikaishia hapo. Kwangu mimi hili ni kosa kubwa kuliko la Bukoba, kwa sababu huyu hakuwa hata adui. Alikuwa mtu wao wenyewe.

Lakini tusiseme mipaka ya vita ni kitu cha Geneva. Hapa Mumias Uislamu una zaidi ya karne moja, na watoto wa madrasa wanajua usia wa Khalifa Abu Bakr kwa jeshi lake: asiuawe mwanamke, mtoto wala mzee, usikatwe mti wenye matunda, waachwe watawa waliojitenga kwa ibada. Hiyo ni karne ya saba. Wasomali nao wana neno lao, biri-ma-geydo, yaani wale ambao mkuki hauwagusi: wanawake, watoto, wazee, wageni, wanaoleta suluhu. Na Wanandi walikuwa na majani. Mzungu yule, hata kama ibara ya 23 haikumfunga, alivunja sheria yenu, na nadhani hilo ndilo linalowauma hadi leo.

Sheria_Nakuru

Niongeze upande wa sheria, mimi ni wakili kijana hapa Nakuru.

Mwalimu amesema jina lilitosha kuitoa sheria. Waandishi wa mikataba minne ya tarehe 12 Agosti 1949 waliuona mwanya huo wakauziba. Mikataba inatumika kukiwa na mapigano ya silaha, hata kama upande mmoja unakataa kuviita vita. Na ibara ya 3, iliyo sawa katika yote minne, inahusu vita vya ndani ya nchi. Inafunga kila upande, serikali na waasi. Asiyepigana, aliyeweka silaha chini, mgonjwa, aliyekamatwa: hakuna kumuua, kumtesa, kumdhalilisha wala kumfanya mateka. Majeruhi waokotwe watunzwe.

Hata hivyo 1952 Waingereza walipopigana na Mau Mau waliita "Hali ya Hatari", na mikataba hiyo waliiridhia 1957 tu, vita vya msituni vikiwa vimekwisha kabisa au karibu. Ndipo mnaelewa kwa nini wazee wetu walisubiri mpaka Juni 2013 serikali ya Uingereza ilipokubali kuwalipa watu 5,228 pauni milioni 19.9 kwa mateso ya kambini. Wengi walikuwa wameshakufa.

Kenya iliingia kwenye mikataba ya Geneva mwaka wa 1966. Kwa hiyo fundi, si adabu tu kuufuta, ni deni la nchi.

Kuna kesi moja inanisumbua kila nikiifikiria. Julai 2008, jeshi la Kolombia liliwaokoa mateka 15 kutoka kwa waasi bila risasi hata moja. Walijifanya shirika la misaada, na mmoja wao alivaa alama ya Msalaba Mwekundu. Rais wao alikiri baadaye akaomba radhi. Watu kumi na watano walirudi nyumbani, wengine wakiwa wamefungwa miaka na miaka msituni. Ningekuwa na dada kati yao ningelia kwa furaha. Lakini muuguzi wa kweli aliyekwenda kwa waasi wale wiki iliyofuata, alitazamwa kwa macho gani? Nimekuja kuamini kwamba walikosea, na kwamba ule uokoaji ungeweza kufanywa bila kitambaa kile.

Mwalimu_Mumias

Naam, na ubaya wake ni huu: alama ya uongo humpa mkatili kisingizio cha kuipiga ya kweli. Desemba 1935 ndege za Italia zilipiga hospitali ya Msalaba Mwekundu wa Uswidi huko Melka Dida, Ethiopia. Italia ikajitetea kwamba Waethiopia walikuwa wakiitumia alama vibaya. Ndiyo hao hao waliomwaga gesi ya sumu, iliyokatazwa na Itifaki ya 1925 waliyoitia sahihi wenyewe.

Binti_Cheptais

Mimi si msomi wa sheria. Natoka Cheptais, Mlima Elgon. Sitataja kundi wala kikosi, wenyewe wanajijua.

Mwaka wa 2007 watu wa msituni walikuwa wakija usiku. Walitaka chakula, pesa, na kijana mmoja kutoka kila boma. Ukikataa unakatwa sikio. Mjomba wangu alikatwa. Mwaka wa 2008, mwezi wa tatu, wakaja watu wa sare mchana, tukafikiri sasa tumepona. Wakakusanya wanaume wote, wazee kwa vijana. Baba alichukuliwa pamoja na yule mjomba asiye na sikio. Yaani mtu aliyekatwa na wale wa msituni akachukuliwa kwamba ni wao.

Baba alirudi baada ya siku nne. Mikono yake tangu siku hiyo haifungi vifungo vya shati. Vidole vinatetemeka, kifungo kinateleza. Mama ndiye anayemfungia kila asubuhi, na mimi nikiwa nyumbani namfungia mimi. Huwa anatazama pembeni.

Nimesoma hapa kuhusu ibara ya 3. Naomba wakili aniambie jambo moja. Yale yalikuwa vita au hayakuwa vita? Maana nikisema vita naambiwa ilikuwa operesheni ya usalama.

Sheria_Nakuru

Pole sana dada, na umfikishie mzee heshima zangu.

Wanasheria wamebishana kama ghasia zile zilifikia kiwango cha vita vya ndani. Lakini kwa yaliyompata baba yako jibu halibadiliki. Mateso hayaruhusiwi vitani, wala katika operesheni, wala kituo cha polisi. Kenya iliingia kwenye mkataba wa kimataifa dhidi ya mateso mwaka wa 1997, miaka kumi na mmoja kabla. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 25, inautaja uhuru dhidi ya mateso kama haki isiyoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote. Ikiitwa vita, alilindwa. Isipoitwa vita, alilindwa. Mashirika ya haki za binadamu yaliyafanyia kumbukumbu mateso ya pande zote mbili mwaka ule ule. Kama maelezo ya mzee hayajaandikwa, yaandikwe akiwa hai, pamoja na ya daktari aliyemwona. Nitumie ujumbe wa faragha, sitakudai kitu.

Nyakwar_Ugunja

Dada, nimenyamaza kidogo baada ya kusoma yako. Lakini bado nauliza, na nauliza kwa moyo safi. Unapigana na mtu anayekata masikio. Yeye hana mkataba. Wewe ukijifunga mikono, si unampa ushindi?

Mstaafu_Molo

Hili nililiulizwa na vijana wangu mara nyingi, na nililijibu kwa hesabu kabla ya kulijibu kwa dini.

Adui akijua kwamba ukimkamata utampa maji na kumfunga kidonda, akizidiwa atanyanyua mikono. Akijua utamuua, atapigana mpaka risasi ya mwisho, na hizo risasi zitaingia kwa askari wako watano. Nimeona askari wakisalimu amri wakitetemeka, wakiangalia tutawafanya nini. Kila tuliyemtendea sawasawa, habari zilifika upande wa pili. Na kila aliyepigwa akiwa amefungwa, habari zilifika haraka zaidi.

Mikataba ya 1949 imekataza kisasi kwa majeruhi, kwa mfungwa wa vita na kwa raia. Haisemi "isipokuwa mwenzako akianza". Walioiandika walikuwa wametoka kwenye vita ambavyo kila upande ulisema mwenzake ndiye aliyeanza.

Na dada wa Cheptais ameonyesha lile ambalo kwenye hesabu halionekani. Mjomba wake. Aliyekatwa sikio na hawa, akakamatwa na wale. Anayepokea kisasi mara nyingi ni mtu aliyekuwa karibu tu. Wakati nikiwa kazini nilipenda kuamini kwamba watu wa sare tunajua kutofautisha. Mama wa Cheptais anayefunga vifungo ana haki ya kunikatalia.

Mwana_wa_Kaptumo

Nimeyasoma yote mara mbili. Sijabadili neno langu kuhusu 1905, na nitaendelea kuuliza mkubwa anapovunja sheria ni nani anayemshika. Hilo bado hamjalijibu, wala sidhani linajibika humu.

Ila fundi, ufute. Sisi tunajua alama ya amani ikishikwa na mtu asiyeimaanisha inakuwa nini. Koitalel alikuja kwa sababu aliyaamini majani.

FundiBrashi_Kondele, Jumamosi saa 1 jioni

Wakuu, nimerudi. Asanteni wote, na dada wa Cheptais, pole wewe na mzee.

Jana nilikwenda kwa mwenye kliniki nikamwonyesha uzi huu kwenye simu. Alisoma kimya hadi pale pa vifungo vya shati, akanirudishia simu, akasema nibadilishe. Nimemwambia gharama ni yangu, kwa sababu msalaba ule ni mimi niliyempendekezea. Yeye alitaka picha ya nyoka na fimbo tu.

Leo nimepanda ngazi saa mbili asubuhi. Nimepiga msasa mpaka glosi ikatoka, nikafuta vumbi kwa tapentaini, nikapaka koti mbili za andakoti nyeupe. Mafundi wenzangu wanajua nyekundu ilivyo ngumu: unaifunika, kesho inachungulia. Mchana nikachora wa kijani, mdogo kuliko ule, upande wa pili wa jina. Kisha nikaandika kwenye daftari kila kibao ninachokumbuka. Nimefika ishirini na sita, kutoka Mamboleo mpaka Ahero, na wawili wameshanikubalia kwa simu.

Jua la jioni likipiga ubavuni, ukisimama ng'ambo ya barabara, ukingo wa msalaba wa kwanza bado unaonekana chini ya nyeupe. Nitapanda tena Jumatatu niongeze koti ya tatu.